Nani Alimpa Shaaban Robert Ruhusa?

Wiki ya Krismasi Wachagga hurudi nyumbani, na Machame hakuna nyumba isiyo na mabishano. Mengi ni yale ya kila mwaka: mpaka wa kihamba, nani hajachangia kaburi la babu, Simba na Yanga. Haya ninayoyaandika yalizushwa na karatasi. Binti wa ukoo wetu, ambaye huko Dar es Salaam anaishi kwa kuchora vijitabu vya afya vya mashirika, alikuja na kurasa za hadithi ya picha anayoitengeneza kwa fedha zake mwenyewe. Baada ya chakula akazitandaza mezani. Baba yetu mkubwa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akazipitia moja moja, akavua miwani, akauliza: "Na kitabu chenyewe kiko wapi?"

Tulikuwa watano. Mwalimu alifundisha fasihi sekondari mpaka alipostaafu. Mchoraji ndiye mwenye kurasa. Shangazi alikuwa muuguzi, na zamu za usiku zilimfanya awe msomaji kuliko sisi sote. Muuza Vitabu ni jirani yetu wa chini ya mfongo, yaani mfereji wa maji, hupanga vitabu vya mtumba mjini Moshi; alifundishwa na Mwalimu na hadi leo anamwogopa kidogo. Wa tano ni mimi, na sikukaa katikati. Nina upande wangu na hautafichika.

MWALIMU: Naomba nieleweke kabla hamjanirukia. Sina ugomvi na kalamu ya huyu mtoto, mkono anao. Nina ugomvi na alichokichagua. Hadithi ya Mrile niliipata kwa mama yangu, jikoni, moshi umejaa, hatuonani vizuri. Kijana anachimba magimbi na mama yake, anaona mbegu moja nzuri kama mdogo wake mchanga. Anaificha kwenye pango la mti, anainenea maneno. Kesho yake anakuta mtoto. Sasa mtoto yule mimi nimemwona tangu utotoni, na kila aliyekuwa jikoni mle alimwona wa kwake. Ukishamchora, wa kwetu wote umewafuta, tunabaki na wako.

MCHORAJI: Baba Mkubwa, tazama ukurasa wa nne tena. Sijamchora.

Ukurasa wa nne una visanduku sita. Cha kwanza ni mkono wa Mrile na bakuli la chakula. Cha pili ni pango la mti, wino mtupu. Katika cha tatu bakuli limewekwa ukingoni mwa pango, limejaa. Katika cha nne lipo palepale na halina kitu. Cha tano ni uso wa Mrile, mashavu yameingia ndani. Katika cha sita kuna migomba, na nyuma ya shina mojawapo miguu miwili ya mwanamke. Hakuna neno hata moja ukurasa mzima. Anayeijua hadithi anajua kwamba Mrile anampa kiumbe yule chakula chake mwenyewe mpaka anakonda, na kwamba mama yake anaanza kumfuatilia. Asiyeijua naye ataelewa, na ataogopa.

MWALIMU: Huo ni ujanja wa mwandishi. Umeficha.

MCHORAJI: Ni ujanja wa mchoraji. Ule uwazi kati ya kisanduku cha tatu na cha nne ndio moshi wa jikoni kwa bibi. Humo ndani kila mtu ataona wa kwake.

MUUZA VITABU: Mwalimu, hapo amekupata.

MWALIMU: Hajanipata. Amenionyesha ukurasa mmoja mzuri. Mimi nazungumzia desturi nzima. Chukueni hizo katuni mlizokulia nazo. Lodi Lofa alikuwa hana hela lilipotoka toleo la kwanza, na mpaka leo hana hela. Ndumilakuwili bado ni ndumilakuwili. Mtu asiyebadilika hana hadithi, ana vituko. Sasa mpeni Kazimoto wa Kichwamaji. Huyo anaanza kitabu akiwa msomi anayejiona, anamaliza amejiua, na kila hatua katikati umeisikia ikitoka ndani ya kichwa chake. Nichoreeni hilo.

Hoja hii ina uzito, na nilitaka isimame kwanza kabla haijajibiwa. Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1974. Ni kitabu ambacho karibu kila kitu ndani yake hutokea pale ambapo kalamu ya mchoraji haifiki. Mchoraji mwenyewe hakubisha. Alisema kuna vitabu hatavigusa, na akaitaja Nagona, cha Kezilahabi huyohuyo, kwamba anayetaka kuichora ajaribu na Mungu amsaidie. Lakini alikuwa na la kujibu kuhusu Lodi Lofa.

MCHORAJI: Baba Mkubwa unapima gazeti kwa kipimo cha riwaya. Lodi Lofa habadiliki kwa sababu maisha ya Lodi Lofa hayakubadilika. Sani, gazeti lake, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina lenyewe ni majina ya waanzilishi, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Ilipata nguvu miaka ya 1980, dukani hamna sukari, hamna sabuni. Msomaji alikuwa anafungua ukurasa kumtazama mwenzake aliye hoi kuliko yeye, acheke. Philip Ndunguru aliwachora watu wale na alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wenzake wakachukua kalamu, wahusika wakaendelea. Mhusika kuishi baada ya aliyemwumba kufa, hilo kwenye riwaya zetu hulioni.

MUUZA VITABU: Halafu lugha, bana. Mimi Dar nimeiona nikiwa mtu mzima, lakini Kiswahili cha Dar nilikifahamu nikiwa Machame, darasa la sita. Nilikitoa Sani. Nilikuwa nikiongea pale njia panda, wenzangu wanadhani nina ndugu Kariakoo.

MWALIMU: Nakumbuka. Kilikuja mpaka kwenye insha zako.

MUUZA VITABU: Na ulikipiga kalamu nyekundu chote.

SHANGAZI: Ngojeni na mimi niseme, maana mnawasifu kama vile hamkuwahi kufungua kurasa zenyewe. Wanawake wa Sani walichorwaje? Mwanamke ni makalio yanayopita, na wanaume watatu wanagongana vichwa kumtazama. Toleo hili, toleo lijalo, mwaka mzima. Nilikuwa nikiikuta wodini chini ya mito ya wagonjwa. Nilicheka, ndiyo, vituko vilikuwa vinachekesha. Lakini sikuwahi kumpelekea binti yangu nyumbani.

MCHORAJI: Hapo sina utetezi, Shangazi.

SHANGAZI: Usiwe na haraka ya kukubali, sijamaliza. Na hao wa riwaya ni walewale. Willy Gamba wa Elvis Musiba akitoka kupigana, mwanamke yupo kitandani anamsubiri kama mshahara. Angalau Ben Mtobwa, kwenye Dar es Salaam Usiku, yule Rukia alimpa akili. Malaya, lakini anafikiri, na unamfuata yeye. Nilikisoma chote zamu moja, na wagonjwa wote walilala salama, msiniangalie hivyo.

Nilimkumbusha Mwalimu kwamba mpaka hapo tulikuwa tumechanganya mafungu mawili, hadithi za picha na zile riwaya ambazo vyuo vikuu huziita fasihi pendwa. Akasema kwake ni fungu moja, yaani vitu vinavyosomwa kwa kasi. Kitabu cha heshima, alisema, hukulazimisha kusimama. Muuza Vitabu akakohoa.

MUUZA VITABU: Mwalimu, samahani sana, na nisamehe mbele ya watoto. Kidato cha pili ulininyang'anya Kufa na Kupona.

MWALIMU: Ulikuwa unaisoma kipindi changu, ndani ya kitabu cha sarufi.

MUUZA VITABU: Kweli kabisa. Ukairudisha baada ya wiki mbili. Na ukurasa wa mwisho kabisa ulikuwa na duara la kikombe cha chai.

Kicheko kilichukua muda. Mwalimu alisubiri kiishe, kisha akajibu kwa utulivu ambao nadhani ndio uliomfanya adumu darasani miaka yote ile.

MWALIMU: Niliisoma, sikuilaumu kabla ya kuisoma. Na nikaona kilichokushika. Mwaka 1974 kitabu kinatoka, Msumbiji bado haijapata uhuru, na Elvis Musiba anakupa kachero Mtanzania anayekimbizana na watu walioiba nyaraka za wapigania uhuru. Kijana wa Machame anajiona yuko vitani upande wa haki. Hilo silidharau. Lakini kisome mara ya pili. Ukishajua nani kaiba, kimebaki nini?

MWANDISHI: Na Kisima cha Giningi je? Ukishajua nani kaua kimebaki nini?

MWALIMU: Kimebaki Kiswahili cha Muhammed Said Abdulla. Kimebaki Unguja nzima.

MWANDISHI: Basi umeshanipa hoja, Baba Mkubwa. Bwana Msa ni mpelelezi mwenye kiko, ana rafiki yake Najum anayeshangaa kila anachogundua, na mtu yeyote aliyemsoma Sherlock Holmes anamjua baba yake ni nani. Mzimu wa Watu wa Kale kilipotoka mwaka 1960 kilikuwa hadithi ya upelelezi na kilikuwa hicho tu. Leo kimo kwenye kila historia ya riwaya ya Kiswahili. Faraji Katalambula akafuata mwaka 1965 na Simu ya Kifo, na Inspekta Wingo wake naye ameingia kwenye historia hizohizo. Kama aina ya hadithi ndiyo inayoshusha heshima, hawa walipandaje?

Hapa ndipo upande wangu unapoanza. Mwalimu anaamini kuna ngazi, juu yake vitabu vya fikra, chini yake vitabu vya kusisimua, na chini kabisa vile vyenye picha. Mimi nimetafuta ngazi hiyo katika vitabu vyenyewe nikaikosa. Shukeni hadi kwenye msingi, kwa Shaaban Robert. Kusadikika, mwaka 1951, ni nchi iliyo angani. Wajumbe wake wanatumwa pande sita, na mmoja anapelekwa mbinguni. Adili na Nduguze, mwaka uliofuata, kina jini wa kike aitwaye Huria, kina mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kina ndugu wawili wahasidi waliogeuzwa manyani na kaka yao ameamriwa kuwachapa viboko kila usiku. Mpe mtu muhtasari huo bila jina la mwandishi, umwambie ni hadithi ya picha iliyotoka Japani mwezi uliopita, ataamini. Ni hadithi za ajabu tupu, na ndani ya ajabu hizo mna sheria, mna serikali, mna wivu wa ndugu. Ukuu wake haukuletwa na kuepuka majini.

MWALIMU: Shaaban Robert alitumia majini kusema jambo. Hao wako wanatumia jambo kuleta majini.

Kwa kweli ni sentensi nzuri, na nilimwambia hivyo. Mchoraji akaichukua akaiandika nyuma ya ukurasa mmoja. Lakini Muuza Vitabu, ambaye hupata riziki kwa kujua nani anasoma nini, alikuwa na maelezo ya karibu zaidi.

MUUZA VITABU: Mimi niwaambie heshima inatoka wapi. Inatoka kwenye orodha. Januari wazazi wanakuja na karatasi ya shule mkononi, hawaulizi kitabu kizuri, wanauliza kilichoandikwa. Miaka nenda rudi kidato cha tano na sita ni Kufikirika, Vuta n'kuvute, Usiku Utakapokwisha, Mfadhili. Sasa Mfadhili ni cha nani? Hussein Tuwa, yuleyule wa Mkimbizi, mtu wa vitabu vya kukukosesha usingizi. Kabla hakijaingia kwenye orodha walikuwa wanakinunua wasichana, wanakipitisha mkono kwa mkono. Kikaingia kwenye orodha, mwaka huohuo kikawa na maudhui.

SHANGAZI: Na dhamira.

MUUZA VITABU: Na dhamira, na falsafa ya mwandishi. Kitabu ni kilekile, bei tu ndiyo ilipanda.

MWALIMU: Orodha si kitu cha mzaha. Mtoto ana saa chache za kusoma maishani mwake na wengi wakishamaliza mtihani hawafungui tena kitabu. Kama nina nafasi nne, nitampa vinne vitakavyobaki.

MCHORAJI: Na kama ndiyo maana hawafungui tena?

Hakuna aliyejibu mara moja. Kwa jibu la haraka mtu angesema watoto wapewe wanachokipenda. Lakini Shangazi, ambaye nilidhani atasema hivyo, alikwenda upande mwingine, akaleta habari ya Februari 2023, pale Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vingi vikiwa vya ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney. Aliyetangaza alikuwa waziri, Profesa Adolf Mkenda, mbunge wa Rombo, upande wa pili wa mlima huuhuu.

SHANGAZI: Mjukuu wangu alikuwa navyo. Nikavichukua nikavisoma, maana nataka kujua kinachokatazwa. Ni mtoto mvivu anayeandika shajara na kuchora vikaragosi pembeni. Niliona mtoto asiyewaheshimu wazazi, hilo niliona. Kama ni sababu ya kukifungia kitabu, kila nyumba na iamue. Mimi kilichoniuma ni kwamba kilipoondoka, mjukuu wangu hakuhamia Kufikirika. Alihamia kwenye simu.

MWALIMU: Serikali ina wajibu kwa maadili ya shule zake. Mimi nisingemkatalia waziri.

MWANDISHI: Rosa Mistika nayo ilikatazwa shuleni, Baba Mkubwa. Mwaka 1971 kinatoka, kinasema mabinti wetu wanaharibikiwa na baba mkali wa nyumbani ana mkono wake humo, wakakiondoa. Baadaye wewe mwenyewe ulikifundisha.

MWALIMU: Nilikifundisha kwa sababu kilistahili. Hicho cha Mmarekani mvivu kisubiri miaka yake, tuone kama kuna atakayekikumbuka.

Vita hii si yetu peke yetu. Marekani mwaka 1954 daktari wa akili aitwaye Fredric Wertham aliandika kitabu kizima kudai katuni zinawatia watoto uhalifu. Baraza la Seneti likaita wachapishaji, na kabla ya mwaka kwisha wachapishaji wenyewe wakajitungia kanuni za kujibana. Miaka 38 baadaye Art Spiegelman alipewa Tuzo ya Pulitzer kwa Maus, hadithi ya picha juu ya baba yake aliyepona Auschwitz, Wayahudi wamechorwa panya na Wajerumani paka. Mwalimu hajaisoma. Nilimweleza kwa dakika kadhaa, akanyamaza, akasema tu kwamba Auschwitz si mahali pa kuchorea paka. Mchoraji hakumsukuma. Alimgeuzia kibao kwa njia nyingine, kupitia mwandishi ambaye Mwalimu anamweka juu kuliko wazungu wote.

MCHORAJI: Dickens je, Baba Mkubwa?

MWALIMU: Dickens ni Dickens.

MCHORAJI: Mwaka 1836 wachapishaji wa London walikuwa na mchoraji, Robert Seymour, mwenye jina, anataka kutoa picha za kuchekesha za watu wa michezo na uwindaji. Wakatafuta kijana wa kuandika maneno ya kusindikiza picha. Kijana akapatikana, ana miaka 24. Ndiye Dickens. Kitabu ndicho kile cha Bwana Pickwick, kikatoka vipande vipande kila mwezi, kama Sani. Seymour akajiua kabla toleo la pili halijatoka, akatafutwa mchoraji mwingine, na safari hii mwandishi ndiye akawa bwana. Baba wa riwaya alianza kazi ya kujaza maneno chini ya katuni.

MWALIMU: Na alipopata uhuru wake akaziacha picha nyuma.

MCHORAJI: Hakuziacha, vitabu vyake karibu vyote vilitoka na picha. Waliozitoa ni waliovichapa baadaye, kupunguza gharama.

MUUZA VITABU: Gharama! Hapo sasa mmefika kwangu. Mnabishana kitabu gani kikubwa, mimi naona vitabu vinavyokufa. Kusadikika kipo kwa nini? Kwa sababu kila kikiisha kuna anayekichapa. Mkuki na Nyota walivirudisha vitabu vya Shaaban Robert miaka ya 1990, na kila mwalimu anavipata. Sasa nitafutie Sani za miaka ya 1980. Nikizipata, nazipata ndani ya sanduku la marehemu, watoto wanagawana urithi, zimelala pamoja na vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kahawa. Na wananiuliza kama nazinunua kwa kilo. Zilizobaki zilifungia karanga. Mimi mwenyewe nimekula vitumbua vilivyofungwa na Ndumilakuwili.

Kwangu mimi huu ndio uliokuwa moyo wa jioni ile, na umetoka kwa mtu ambaye hakusoma fasihi chuo chochote. Tunadhani kwamba vitabu vya kale vilivyobaki vilibaki kwa sababu ni vizuri. Vizuri ni vizuri, lakini kwanza vilikuwa na jalada gumu, shirika, mwalimu na mtihani. Katuni ilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, ikauzwa kwenye stendi, ikasomwa na watu kumi, ikachakaa. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa akionekana katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na watu wa rika la Mwalimu wanacheka ukimtaja tu. Muulize kijana wa leo. Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau alikaa Taifa Leo miaka mingi kuliko ndoa nyingi. Mchora katuni Gado aliondoka Dar es Salaam kwenda gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992 na amejikusanyia kazi zake vitabuni, Masoud Kipanya anaendelea na kikaragosi chake, hao angalau wana mahali pa kushikwa. Ndunguru hana. Mwanafunzi anayetaka kuthibitisha, au kukanusha, kwamba alikuwa msanii mkubwa, ataanzia wapi? Mwalimu anasema hao hawana cha kusomwa mara ya pili. Mara ya pili yenyewe hawajapewa.

MWALIMU: Hilo nalikubali nusu. Visihifadhiwe kwa sababu ni fasihi, vihifadhiwe kwa sababu ni ushahidi. Anayetaka kujua mwaka 1984 ulikuwaje azitazame.

MWANDISHI: Nusu naichukua.

MCHORAJI: Mimi siichukui. Nataka Mrile asomwe, sitaki awe ushahidi.

SHANGAZI: Basi tumzungumze Mrile, maana tangu jioni mnazunguka London na Marekani, na kurasa ziko hapa. Mimi nina shida na hadithi yenyewe, awe amechorwa au hajachorwa. Hebu nisaidieni. Mrile anapata mtoto wake wa gimbi, mama anamwua. Mrile anakalia kigoda cha baba yake, anakiimbia kinapaa, mama analia chini arudi, hataki, anakwenda mpaka kwa Mangi wa mwezini. Huko watu wanakula vibichi, anawafundisha moto, anatajirika. Anarudi na mifugo, na kuna fahali amembeba njiani kwa sharti asije akala nyama yake. Fahali anachinjwa. Nani anamlisha mafuta yake yamefichwa kwenye unga?

MWALIMU: Mama.

SHANGAZI: Mama tena! Na kijana anadidimia ardhini, kwisha. Mara mbili mwanamke mmoja ndiye mbaya. Mimi ni muuguzi. Mwanamke anaona mwanawe anakonda kila siku, anamfuata kimyakimya, anakuta kitu kisichojulikana kinakula chakula cha mwanawe ndani ya mti. Ningemwuliza maswali mengi kabla ya kumwita mwuaji. Na wewe umempa miguu miwili tu nyuma ya mgomba.

Mchoraji alinyamaza, akavuta ukurasa wa nne akautazama kama wa mtu mwingine. Akasema ni kweli, katika yote aliyosikia na kuyasoma, hata alipotafuta habari za Bruno Gutmann, yule mmisionari Mlutheri wa Kijerumani aliyekusanya masimulizi ya Wachagga mwanzoni mwa karne ya 20, hakuwahi kujiuliza mama yule alirudi nyumbani vipi siku ile. Akaanza kuchora hapohapo kwa penseli: mwanamke kwenye mfongo, ananawa mikono. Kisanduku cha pili, bado ananawa. Cha tatu, maji yanaendelea kushuka bila yeye.

MCHORAJI: Nitampa kurasa tatu.

MWALIMU: Huwezi. Hilo halimo. Masimulizi ni mali ya wazee, unayapokea yalivyo unayapeleka yalivyo. Ukianza kuongeza, si Mrile tena, ni yako.

MUUZA VITABU: Mwalimu, naomba kuuliza kama mwanafunzi.

MWALIMU: Uliza.

MUUZA VITABU: Adili na Nduguze. Ulitufundisha kwamba asili yake ni Alfu Lela Ulela, kuna mtu anaitwa Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili waliorogwa, anawachapa kila usiku. Kule kwenye Alfu Lela waligeuzwa nini?

MWALIMU: Mbwa.

MUUZA VITABU: Na kwa Shaaban Robert?

MWALIMU: Manyani.

MUUZA VITABU: Nani alimpa ruhusa?

Mwalimu alivaa miwani. Aliuvuta ukurasa wa penseli karibu na taa, akautazama mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu, na kwenye kisanduku cha tatu akakaa.

MWALIMU: Kurasa mbili. Tatu ni nyingi.

MCHORAJI: Tatu, Baba Mkubwa. Na Kiswahili chote nitakuletea ukisahihishe.

MWALIMU: Kiswahili kipi? Hujaandika neno hata moja.